Fulana za Kesho

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya ahadi ya marehemu mdogo wangu, Atupele. Alikuwa kocha wa timu ya wasichana mtaani kwetu, na kila Jumamosi baada ya mazoezi aliwasimulia habari za klabu moja ya wanawake ya Hispania. Klabu hiyo ilianzia kwenye uwanja wa vumbi, wachezaji wakijifulia jezi wenyewe, ikapanda daraja hadi daraja mpaka ikaingia fainali ya kombe. "Wakilichukua," aliwaambia, "na ninyi mtavaa jezi zao." Hakuwahi kuiona fainali hiyo. Mimi nauza nguo sokoni Mwanjelwa, nikaona nikifuata mzigo wangu Guangzhou, China, nitawaletea na jezi.

Kuna jambo jingine lazima niliseme. Atupele alipolazwa, daktari alisema anaendelea vizuri. Nikawahi kuchapisha fulana nyeupe za ibada ya shukrani: ASANTE MUNGU KWA KUMPONYA ATUPELE. Alifariki Alhamisi. Fulana zikaletwa Ijumaa. Nikazisukuma uvunguni, sikumwambia mtu.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, Jumamosi saa mbili asubuhi, nilifika Shahe, soko la nguo la jumla la Guangzhou, na Papa Ilunga, mfanyabiashara wa Lubumbashi niliyekaa naye hoteli moja. Alinipeleka kwa mama wa Kichina anayeuza jezi ghorofa ya tatu. Korido ilikuwa kimya. Mlangoni zilisimama sanamu za kuvalisha nguo, hazina vichwa, zimevaa fulana za kijani za klabu ya Atupele. Feni ilipozigeukia, vifua vyao viliinuka kama vinavuta pumzi. Vifuani kulikuwa na maandishi ya Kihispania na tarehe.

"Zinasemaje?" niliuliza.

Papa Ilunga alisoma taratibu. "Mabingwa. Inafanana na Kifaransa."

"Lakini hii tarehe ni ya kesho."

"Eh, maman, unashituka? Banachapa mbele ya match. Angalia kule."

Upande wa pili sanamu zilivaa nyekundu, jezi za wapinzani, neno lile lile, tarehe ile ile.

"Benye kushinda, mizigo inaenda Ulaya," alisema. "Benye kupoteza, inakuja kwetu Afrika. Kule nani atauliza?" Akacheka peke yake.

Mama wa duka akanishika mkono. "Rafiki, chukua leo. Jumatatu mayo." Mayo kwao ni hakuna.

Nikasema sitaki.

"Na bale batoto utabaambia nini?" Papa Ilunga aliuliza.

"Sijui. Ila nguo ya namna hii niliwahi kuichapisha mwenyewe."

Akatangulia kushuka ngazi.

Jumapili nilisali chumbani, nikalala mapema. Mechi ilichezwa huko Hispania nikiwa usingizini.

Jumatatu, wakati wa chai, Papa Ilunga alikuja amevua kofia. "Bamepoteza, maman. Moja kwa bila."

Tulirudi Shahe. Sanamu za nyekundu zilikuwa uchi. Za kijani zilikuwa bado zimevaa, bado zinapumua kwenye feni, kama vile hazijaambiwa. Mama wa duka alikuwa anafunga robota la fulana za kijani. Safari hii hakunishika mkono. "Chukua," alisema, akazisogeza kwangu kwa mguu. Nikawafikiria wasichana kumi na wanane wasio na jezi. Nikachukua kumi na nane.

Mbeya, uwanjani, niliwaambia ukweli kabla ya kufungua mfuko. Nahodha wao, Tumaini, alinyoosha moja mbele ya uso wake.

"Kwa hiyo hawakushinda?"

"Hawakushinda."

"Na hapa wameandika wameshinda."

"Ndiyo."

Akaigeuza ndani nje, akaivaa. "Tutaigeuza siku tukishinda sisi." Wenzake wakacheka, wakafanya vivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi yao ya kwanza bila Atupele. Kabla ya kutoka niliinama uvunguni, nikatoa fulana moja nyeupe, nikaigeuza kama wao, nikavaa. Kipindi cha pili mvua ilinyesha. Neno la Kihispania likaanza kujitokeza vifuani mwa wasichana, herufi zikitazama nyuma, nao wanakimbia tu. Mama mmoja jirani yangu alinigeukia. Macho yake yalipita kifuani mwangu kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, mpaka akafika kwenye jina.

"Ni Atupele?"

Nimejifunza kwamba kilichokwisha kuchapwa hakifutiki kwa kufichwa.

"Ni yeye," nilimwambia. Sikujifunika kanga.