Jani la Isale Lililoishia Lima

Nilikwenda Lima, mji mkuu wa Peru, kwa sababu mama alitaka kulirudisha neno lake kabla hajafa. Siku tuliyomzika baba, kaka yangu Elirehema hakuja. Mama alisimama kando ya kaburi, mbele ya ukoo na mchungaji, akasema, "Basi na mimi asinizike." Kwetu Marangu neno kama hilo la mzazi halipotei hewani. Sasa mama anaumwa, figo zimechoka, na kaka, aliyekuwa akipandisha watalii mlimani, bado yuko huko alikomfuata mgeni mmoja, akamwoa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Marangu, likizo yangu si ya kuchezea, hivyo nilipanga safari fupi tu: kufika, kusema, kurudi. Viza ilinizungusha mpaka nikakaribia kukata tamaa. Tiketi alituma kaka mwenyewe, wala hakuuliza nafuata nini.

Asubuhi ya kuondoka, mama alijikongoja na fimbo yake hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale kwa mkono wake. Kwa msomaji asiye wa huku, isale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mchagga akikuletea jani lake kuomba msamaha, humkatalii, hata kama kosa ni la damu.

"Usilitie kwenye begi," mama aliniambia. "Msamaha haufichwi kwenye soksi. Lishike mkononi."

"Mama, kule wana sheria zao."

"Na sisi tuna zetu."

Njiani nilibadilisha ndege mara mbili, jani likiwa mapajani. Abiria jirani alikuwa akilitazama, kisha ananitazama mimi, kisha anasogea dirishani. Ningeweza kulikunja nikalisukumiza ndani ya suruali, begini. Wazo hilo lilinijia zaidi ya mara moja na kila mara niliona haya.

Uwanja wa ndege wa Lima, baada ya kugongewa muhuri, mama mmoja aliyevaa glavu alininyooshea kidole mkononi. Mimea hairuhusiwi. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba ni jani moja tu, ni la mama yangu, mgonjwa. Alinisikiliza kwa upole kabisa. Kisha akalichukua, akalitia kwenye pipa, akanitakia safari njema. Nilisimama pale mikono mitupu mpaka watu wa nyuma wakaanza kunisukuma.

Lima yenyewe ni mji wa kijivu. Mbingu kijivu, bahari chini ya miteremko mikali kijivu, na ukungu unaolowesha nguo bila mvua kunyesha. Majani ya miti yana vumbi ambalo hakuna wa kuliosha. Huku kwetu ukungu ukishuka tunajua migomba inakunywa. Ule wa kwao sikujua una kazi gani, ukaniingia moyoni.

Nyumbani kwa kaka, ghorofani, shemeji alitupikia wali na samaki, akatuacha tuzungumze.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama yupoje?"

"Hayuko vizuri. Amenituma. Amekukatia isale."

Kaka aliweka kijiko chini. Mvi zimemjaa siku hizi. Akafuta mikono kwenye suruali, akainyoosha yote miwili.

"Lete."

Nikamweleza habari za yule mama wa glavu. Mikono yake ilibaki pale hewani kidogo, kisha akairudisha mezani.

"Alilikata mwenyewe?"

"Mwenyewe. Njoo nyumbani, kaka. Anataka wewe umzike."

"Neno lake alilisema mbele ya ukoo mzima, mdogo wangu. Litaondolewa na hadithi ya uwanja wa ndege?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ningelishika lile jani, ningepanda ndege na wewe. Sasa nije kwa lipi?"

Siku zilizobaki alinitembeza ufukweni. Tuliongea habari za mpira na bei ya kahawa. Tulipoagana alinikumbatia sana, lakini hakusema atakuja.

Marangu nilifika jioni. Mama alikuwa jikoni, karibu na moto.

"Alilipokea?"

Nilitaka kumdanganya. Nilishindwa, nikamwambia yote, hadi ile mikono iliyonyooshwa. Alichochea kuni.

"Kumbe hajakataa," alisema. "Kata shina zima, lenye kushika ardhini. Lipande pale nitakapolala. Akija atalikuta."

Wanaoniuliza nilijifunza nini Lima nawaambia kwamba kule kuna ukungu usioleta mvua. Shina nililipanda kesho yake, kando ya baba. Limeshika. Mama bado yupo, na kila asubuhi hunituma nikalimwagilie.