Sharti Kwenye Kifuniko cha Boksi

Shangazi yangu ni mkunga. Wodini wamempachika jina la Ultrasaundi, kwa sababu huangalia tumbo la mjamzito akataja jinsia ya mtoto. Mimi nilikuwa nasoma saikolojia na somo la takwimu lilinitoa jasho, nikamwomba nimpime. Kabla ya kuanza tuliandika sharti kwenye kifuniko cha boksi la glovu: akipatia mara kumi na tano kati ya ishirini, tutakubali si bahati, maana kwa kubahatisha tu ni nadra kufika hapo. Akishindwa, aache kujitapa.

Alipatia mara kumi na nne.

Wauguzi wenzake walianza kumcheka. "Moja tu, mwanangu!" alininong'oneza. "Shusha sharti, nani atajua?"

Nilimwonea huruma. "Tukilishusha baada ya kuona matokeo, hatujapima kitu, shangazi. Sijasema huwezi. Nimesema ushahidi haujatosha."

Alinikazia macho, kisha akavaa glovu mpya.

"Haya, lete kifuniko kingine. Safari hii watoto arobaini. Na sharti liandike kwa wino, nisije nikalifuta."