Maneno Niliyoyakana

Nilikuwa kwa binti yangu nikiambua mbaazi, mjukuu wangu akikariri Kijapani chake cha chuo. "Nomu, nomitai," alisema. Kunywa, nataka kunywa. "Iku..."

"Ikitai," nilimmalizia.

Alinikodolea macho. Mimi mwenyewe niliachia ungo, mbaazi zikamwagika. Neno lile lilikuwa halijatoka kinywani mwangu kwa zaidi ya miaka sabini.

Ngoja nikueleze. Miaka ile ya thelathini, mjomba wangu alirudi kwetu Ukambani, karibu na Kikima, baada ya kufanya kazi ya makaa kwenye meli ya Wajapani. Asubuhi tulipalilia pamoja, udongo mwekundu umetuganda miguuni, naye akinifundisha.

"Sisi neno la kutaka tunalitanguliza," alisema. "Wao wanalifunga nyuma kama mkia. Taberu ni kula. Toa ru, weka tai: tabetai. Lakini nomu ni mkaidi, lazima kwanza awe nomi."

Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ukianza kunukia tulipiga kelele, "Tabetai!" Nyanya yangu, mama yake mjomba, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Halafu mwalimu wa kanisa akatusikia. Jumapili alimsimamisha mjomba mbele ya watu wote.

"Hiyo ni lugha ya mapepo!"

"Ni ya watu, mwalimu. Wanakula na kulala kama sisi. Muulize mtoto."

Kanisa zima liligeuka. "Wewe msichana," mwalimu aliniuliza, "unayajua maneno haya?"

Mjomba aliniashiria kwa kichwa niseme, akitabasamu. Nyanya aliinama, akatazama miguu yake.

"Siyajui," nilisema. "Sijawahi kuyasikia."

Hadi leo nashtuka nikikumbuka jinsi sauti ilivyotoka bila kukwama. Mjomba hakunikemea. Alichukua kofia yake akatoka, na watu wakamkwepa asije akawagusa.

Kesho yake nilimkuta njiani, kifurushi begani.

"Unaenda wapi, mjomba?"

"Ikitai," alijibu. Nataka kwenda. Hakusema wapi. Nami, badala ya kuomba msamaha, nilisimama tu na jembe langu.

Hakurudi. Nyanya alimwekea chakula chake kila jioni mpaka alipofariki, na hatukuizungumzia Jumapili ile hata mara moja. Shamba limegawanywa, kanisa lile la nyasi lilibomolewa, mwalimu alizikwa zamani. Katika wote waliogeuka kunitazama, sijui kama kuna aliye hai.

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba niliyajua, kila neno. Alinishika mkono, akasema ananiamini. Lakini si yeye aliyeniuliza.