Kete ya Mama Neema Iliyobaki Majini

Jamani, mimi bado sijakubali. Wiki ya pili hii, na simu ikilia asubuhi nadhani ni Mama Neema anataka kuniuliza kama nimemaliza report.

Kwa wasiomjua: Salome, mama yake Neema, alikuwa afisa wa kilimo hapa Garsen. Mimi ni wa mifugo. Meza zetu zilitazamana miaka tisa, yeye akitetea mpunga, mimi nikitetea ng'ombe, na wa huku kwetu mnajua hiyo si kazi ndogo. Tuligombana kwenye meeting, kisha tukatoka kwenda kula mahamri kwenye sahani moja.

Mafuriko yalipokuja nyumba yangu iliingia maji. Nilienda kwake Tarasaa na mfuko mmoja wa nguo na mbuzi wanne. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Aliuliza tu, "Mbuzi wanakula nini?"

Ofisi ikasema tufanye kazi nyumbani. Kazi gani, na network hakuna? Siku ya tatu Salome akanionyesha picha aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu, pamoja na sheria za mchezo. "Hadija, angalia. Hili ni bao la Misri ya zamani, linaitwa seneti. Wafalme wao walizikwa nalo."

"Sasa mchezo wa makaburini sisi tunautakia nini?"

"Hao watu walikuwa na mto na mafuriko kama sisi. Lazima walikuwa na akili."

Ubao wa kwanza tuliuchora kwenye katoni ya majani chai. Mistari mitatu, kila mstari nyumba kumi. Tulipoenda kusonga ugali, mbuzi wangu mweusi akaula mpaka nyumba ya kumi na mbili. Salome akatangaza kwamba mbuzi ameshinda.

Wa pili aliutengeneza kwa kipande cha mtumbwi wa marehemu baba yake, uliokuwa umepasuka nyuma ya nyumba. Alichora nyumba zote thelathini kwa msumari wa moto, ulimi nje kama mtoto wa nursery. Vijiti vinne vya kurusha tulipasua kwenye tawi la mti wa mkoma, upande mmoja mweupe, mwingine na ganda lake. Kete zake zilikuwa vizibo vya soda. Zangu kokwa za ukwaju.

Mimi nilikuwa sielewi kete zinaelekea wapi. Akaniambia, "Kama kupanda mpunga. Ukifika mwisho wa shamba hurudi nyumbani, unageuka na mstari wa pili." Nikaelewa hapo hapo. Wa kwanza kuzitoa kete zake zote ubaoni ndiye mshindi.

Karibu na mwisho kuna nyumba ya maji. Kete ikiangukia hapo inakwama mpaka mwenyewe arushe vijiti vyote vinne vioneshe weupe, na hiyo si rahisi. Salome aliisoma hiyo sheria akakasirika kweli kweli.

"Ai! Mtu ameanguka majini, jirani yake amekaa tu anarusha vijiti? Huku kwetu mwenye mtumbwi anaacha alichokuwa anafanya."

Basi akaongeza sheria yake. Mwenzako akiwa majini unaweza kumvuta ukamweka nyumba inayofuata, pakavu, lakini unapoteza zamu yako.

Nitasema ukweli hapa mbele yenu wote. Alinivuta mara nyingi sana. Mimi sikumvuta hata mara moja. Napenda kushinda, hiyo ni tabia yangu na mnaijua. Nikishindwa nilikuwa nanuna mpaka chakula cha jioni, naye ananiimbia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Hadija weee!"

Maji yalishuka, nikarudi kwangu, lakini Jumamosi zangu zikabaki Tarasaa. Seneti, chai ya tangawizi, na umbea wa ofisi. Weee, ule umbea!

Jumamosi ile ya mwisho kizibo chake kilianguka majini. Mimi nilikuwa nimebakiza kokwa moja tu, iko nyumba ya mwisho kabisa. Akanyoosha mkono akicheka. "Hadija, nivute basi."

Nikamwambia, "Toka mwenyewe."

Kabla sijarusha, boss akapiga simu: kuna ng'ombe wanaumwa, gari la field linaondoka sasa hivi. Nikanyakua mtandio wangu nikatoka mbio. Hata kwaheri sikusema vizuri. Jumanne presha ikampanda. Alhamisi hakuwa nasi.

Toka mwenyewe. Hilo ndilo neno nililomwachia mtu aliyenifungulia mlango mimi na mbuzi wangu wanne.

Tulimzika Jumamosi, siku yetu. Watu walipopungua, Neema akanishika mkono akanipeleka chumbani kwa mamake. Ubao ulikuwa juu ya kabati, umefunikwa leso, kila kete mahali pake.

"Mama alikataza usiguswe," akasema. "Alisema Aunty Hadija atarudi kumalizia, na safari hii atamvuta."

Nililia, jamani. Nililia mpaka Neema akaanza kunibembeleza mimi, badala ya mimi kumbembeleza yeye.

Kisha akanipa vijiti. Ilikuwa zamu yangu. Kurusha mara moja tu, namba yoyote ile, na mchezo ni wangu. Nikavishika kidogo, vilikuwa vimelainika kwa mikono yetu miwili.

Sikurusha. Nilikitoa kizibo chake majini, nikakiweka nyumba inayofuata. Neema akafunika leso tena.

Nimechelewa, Mama Neema. Nisamehe. Zamu yangu nimeipoteza kama sheria yako inavyosema, kwa hiyo sasa ni zamu yako, na mimi sina haraka tena.

Lala pakavu, dada yangu.