Siku ya Kutotoa Moto

Mama mkwe wangu alizaliwa Ailandi, nchi ya mvua, akazikwa Ruziba, nyuma ya nyumba hii ninamokaa peke yangu. Sasa ziwa limefika kaburini kwake.

Alikuja akiwa bibi harusi. Mume wake alitaka kulima pamba, na wakati ule huku kulikuwa na matete, mbu na viboko. Walifyeka wenyewe. Pamba ilikubali kidogo, homa ikamchukua mume, na wazungu wenzake wakamwambia arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na jembe na watoto wawili. Binti alipelekwa kusoma Ailandi, akaolewa hukohuko. Kijana akajifunza umakanika mjini, mtaa wa Asiatique, akasilimu, akanioa mimi, mtoto wa Kiislamu wa Buyenzi. Mama mkwe alinitazama mikono.

"Dini yako ni yako," akasema. "Kulima unajua?"

"Apana, mama."

"Utajua."

Nikajua.

Jikoni kwake moto haukuzimwa. Kila jioni alifunika makaa kwa majivu huku ananong'ona sala zake, asubuhi anafukua, moto upo. Jirani akiomba kaa, alimpa. Ila tarehe mosi ya mwezi wa tano hakutoa moto, wala chumvi, wala maziwa. Kwao, ukitoa moto siku ile umetoa baraka ya nyumba. Huku kwetu kumnyima jirani moto ni uchawi au uchoyo, chagua mwenyewe.

Jirani mmoja, mwanamke wa maneno mengi, alisimama mlangoni na kigae chake.

"Mama, kaa moja tu. Mi sikuombi ng'ombe."

"Kesho nitakujazia."

"Na bwana yangu ale kesho?"

"Ale ndizi. Zimeiva."

Yule akatoka anawaambia watu, "Muzungu anafuga jini kwa jiko. Anaogopa litatoka na moto."

Watu wakacheka. Mwaka uliofuata wakaja wanawake watatu, makusudi, wanyimwe tu. Ikawa mchezo wetu wa Ruziba. "Mama, moto?" Apana. "Chumvi?" Apana. "Na maziwa ya mutoto?" Apana, na huyo mutoto ana ndevu. Alijibu kwa ukali, lakini siku hiyo alichana nywele mapema na kukaa mlangoni. Siku nyingine nani alikuja kumsalimu? Barua za bintiye zilipungua mpaka zikakatika. Alilima.

Alipokufa, siku ile ikifika wakaja kwangu. Mambo hayo hayamo katika dini yangu, lakini nilisema apana kama yeye.

Kisha mume wangu naye akafa, nikamzika hapohapo, na maji yakaanza kupanda. Yalichukua migomba, yakachukua choo, yakafika ngazi ya jiko. Majirani wakahama, huyu kwa ndugu, yule kwenye hema. Binti yangu wa Buyenzi akawa ananipigia simu kila siku.

"Mama, unangoja nini? Samaki wakubishie hodi?"

"Nangoja mwezi wa tano. Tarehe mosi nitakujibu."

Sikumwambia sababu. Moyoni nilisema, akija hata mtu mmoja kuomba moto, basi Ruziba bado ina watu, na mimi nabaki na makaburi yangu.

Siku ikafika. Nikaoga, nikafunga kitenge safi, nikafukua makaa, nikakaa mlangoni. Asubuhi ikapita. Pale palipokuwa na jiko la yule mwanamke wa maneno, ndege mweupe alikuwa anatembea ndani ya maji. Mchana akapita mwanamume na mtumbwi umejaa mabati aliyoyabandua kwenye nyumba yake.

Nikamwita. "Baba, huna haja ya moto?"

"Nina kiberiti, nyanya," akasema. Hakuacha kupiga kasia.

Nilikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika majini. Sikupata hata wa kumnyima. Nikampigia binti yangu.

"Njoo na gari."

"Umekubali? Nakuja sasa hivi."

"Kesho. Leo moto hautoki ndani ya nyumba hii."

"Moto gani tena, mama?"

"Ule wa nyanya yako. Nitaupakia kwenye jiko la mbabula, naja nao. Tafuta dereva asiye na maneno."

"Kwangu tunapikia umeme, mama."

"Ukikatika mtaniomba."

Jioni nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama pale maji yaliponiruhusu. Kisha nikarudi kufunika makaa. Sala za mama mkwe sizijui. Nilisoma zangu.