Mteja wa Saa Tano

Mimi Casilda ndiye miguu ya watawa. Wao wamejifungia ndani kwa nadhiri zao, mimi nawahangaikia nje: naenda posta, nafuata dawa, na ikifika Novemba nanunua lozi gunia kwa gunia. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili, na Toledo yote inanijua. Kwa hiyo msinisimulie habari za mji huu. Najua nani kanuniana na nani, na nani huja misa ya Krismasi na koti la kuazima.

Ila mwenye kusimuliwa hapa si mimi, ni Sista Visitación. Ana miaka sabini na mitatu, na thelathini na minane kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya pipa. Pipa lenyewe ni la mbao, limejengwa ndani ya ukuta wa mlangoni petu, na linazunguka. Mteja anaweka pesa, analizungusha, Sista upande wa pili anaweka sanduku la mazapan, analirudisha. Hakuna anayemwona mwenzake, wanasikizana tu. Mteja husema, "Salamu Maria uliye safi kabisa," Sista hujibu, "Uliyekingiwa dhambi ya asili," ndipo biashara inaanza. Mazapan ni lozi zilizosagwa na sukari, na yetu ya Krismasi hufinyangwa mfano wa samaki mkunga aliyejikunja ndani ya sanduku la duara. Macho ya samaki, vipande viwili vya cheri, huwekwa na Sista Visitación mwenyewe. Hakubali mtu mwingine ayaguse.

Sista ni mtu wa maneno. Mama Mkuu humkanya, lakini utamkanya vipi mtu mwenye sauti ile? Ni nzito kidogo, ina kicheko ndani yake hata anapokukatalia. Wapo watu wanaopanda mlima wetu na baridi ya Desemba inayokata masikio, na mazapan ni kisingizio tu.

Mmoja wao alikuwa mteja wa saa tano. Jina lake Sista hakulijua, maana kwenye pipa hatuulizi majina. Alijua kikohozi chake, mkongojo wake uliogonga mawe, na malalamiko yake. Mara mbili kwa wiki, saa tano asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, mzee huyo alikuja kununua sanduku dogo na kutoa kasoro. Mara sukari imezidi, mara lozi zimesagwa kizembe. Alikuwa fundi wa kutia nyuzi za dhahabu kwenye chuma, na alidai kwamba kiwandani kwao kazi ya hovyo namna ile ingemtupa mtu nje. Sista naye hana dogo, alimrudishia neno kwa neno. Wakichoka kugombana waliulizana habari za magoti.

Basi sikukuu ya Bikira Maria, mapema Desemba, mzee akamwambia samaki wa mwaka huu wana makengeza: jicho moja linatazama mtoni, jingine linatazama kanisa kuu. Sista siku hiyo aliamka vibaya. Akampa za uso, kwamba kama hawampendezi akanunue madukani, wanakotengeneza kwa mashine. Mzee hakujibu. Sista aliusikia mkongojo ukishuka mlima mpaka ukapotea.

Hakurudi. Siku ya kwanza Sista akajitia hamnazo. Ya pili akaanza kuniuliza kwa kuzungukazunguka, eti njia inateleza siku hizi, eti kuna mafua mjini. Wiki ya pili ilipofika hata chakula alikuwa hali vizuri, na watawa wenzake wakawa wananitazama mimi kama vile nina dawa.

"Nimemfukuza, Casilda," akaniambia mwishowe. "Au amekufa, na neno la mwisho alilolisikia kwangu ni lile."

Nikamuuliza ni mzee gani huyo. Akasema ni yule anayelalamika. Nikamwambia, Sista, mzee wa Toledo anayelalamika, unataka nikuletee wangapi? Alicheka kidogo, kwa heshima. Lakini iliniuma. Mimi ninayejua mpaka paka wa mtaa wa nyuma ni wa nani, nishindwe kumjua huyu! Saa tano mimi huwa sokoni, sikuwahi kupishana naye hata siku moja.

Tarehe ishirini na mbili tukapata ruhusa ya kutoka. Sista alikuwa amepimwa macho Novemba, na miwani mipya ilikuwa tayari, ila mwenye duka alitaka kuirekebisha usoni pake mwenyewe. Mama Mkuu akasema saa saba tuwe tumerudi, na tusiingie nyumba ya mtu.

Miaka thelathini na minane hii, Sista alikuwa ametoka mara tano, zote kwa gari na kwa ugonjwa. Safari hii gari lisingepita, vichochoro vilijaa wageni wa sikukuu. Tukaenda kwa miguu. Mimi nilikuwa nafoka njia nzima, maana hawa wageni husimama katikati ya njia kujipiga picha, na mabegi yao ya magurudumu yanapiga kelele juu ya mawe mpaka kichwa kinauma. Yeye kanishika mkono anacheka. Alikuwa mgeni kuliko wao. Aliuliza taa zile zimening'inizwa na nani, na mbona kila mkahawa una redio inayoimba namba. Nikamwambia ni watoto wa bahati nasibu ya Krismasi, leo ndiyo siku yao. Akataka tusimame tusikilize, nikamvuta.

Dukani akavaa miwani. Akamtazama mwenye duka, akamwambia, "Kumbe una masharubu, mwanangu." Kisha akafungua sanduku tulilomletea kama zawadi ya Krismasi, amwonyeshe samaki. Akamsogeza karibu na pua.

"Casilda, huyu ana makengeza."

"Kidogo, Sista."

"Tangu lini?"

"Tangu miaka mitatu hivi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilijua, watawa wote walijua, wateja wote walijua, na sote tulimwonea haya. Sista akafunga sanduku. Akasema mji mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na adabu ya kumwambia ukweli, naye ndiye aliyemtimua. Machozi yakaanza kumtoka chini ya miwani mipya. Mimi nikajikaza kisabuni, nikamwomba mwenye duka samahani, zawadi yake italetwa nyingine.

Tulipotoka akasema harudi nyumbani bila kumwona mzee yule, au angalau kaburi lake. Nikamuuliza tutamtafuta kwa jina gani na kwa sura gani, na saa sita ndiyo hiyo imeshagonga. Alikuwa ameshafika uwanjani Zocodover, kwenye foleni ya watu wanaongoja churro za moto, yale maandazi marefu ya kukaanga, na chokoleti, na anamuuliza mama wa mbele yake, kwa upole kabisa, kama anamfahamu mzee mmoja fundi wa dhahabu, mwenye mkongojo na kikohozi.

Yule mama, na koti lake la manyoya, aligeuka mdomo wazi. "Wewe ni wa kwenye pipa," akasema.

Foleni nzima ikageuka. Jamani, niliona kwa macho yangu. Mtu ambaye hakuna aliyepata kuuona uso wake, na kila mmoja anamjua. Mmoja akamshukuru kwa kumwombea mtoto wake mtihani, na mtoto kafaulu. Mwingine akaagiza kilo mbili hapohapo. Bwana mmoja akavua kofia katikati ya uwanja, akasema Salamu Maria, na Sista akamjibu kama kawaida, watu wakapiga makofi. Wageni nao wakapiga picha bila kujua wanapiga picha ya nini. Ikabidi nipaze sauti, kwamba Sista kauliza swali na sijasikia jibu.

Jibu likatoka kwa mkaanga churro. Huyo ni Leoncio, akasema, mjane wa mtaa wa nyuma ya soko, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Kesho yake baada ya sikukuu ya Bikira Maria kateleza kwenye barafu, kavunjika mguu. Hakungoja hata siku yake ya kawaida. Alikuwa anawahi kwenu, Sista, na jibu lake mdomoni.

Sijui Sista alipata wapi zile mbio. Tulipofika mlangoni kwa mzee nilikuwa natweta mimi. Nikabonyeza kengele, ile yenye spika ya kuongea na mtu wa juu. Sista akasogeza mdomo kwenye vitundu vya spika.

"Salamu Maria uliye safi kabisa."

Kikatangulia kikohozi, na hapo Sista akanifinya mkono mpaka leo nausikia.

"Uliyekingiwa dhambi ya asili," ikasema spika. "Umechelewa, Sista. Nilikuwa na jibu zuri sana, nimeshalisahau."

"Nisamehe. Wana makengeza."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Yeye hana ruhusa ya kuingia, mzee hawezi kushuka. Nikapanda mimi na sanduku. Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba, kanyoa vizuri, mguu kwenye plasta. Mezani palikuwa na sindano na kile kipimo cha damu. Akaniambia niweke sanduku pale, watoto wa jirani watalifuata baada ya chakula.

Nikamuuliza, yeye mwenyewe hali mazapan?

"Mama, mimi nina kisukari, huu mwaka wa ishirini na moja. Sijaonja hata kipande."

Nikapigwa na butwaa. Nikamuuliza, na hiyo sukari unayosema imezidi?

"Ilibidi niseme kitu. Ukinunua na kuondoka ni dakika moja. Ukilalamika unapata nusu saa."

Akanieleza kwamba mkewe alipokufa, kulikuwa na wiki ambazo sauti ile ndiyo pekee iliyomsemesha. Akaniomba nisimwambie Sista, maana angemuuliza anafuata nini kule, naye asingekuwa na la kujibu. Mimi mdomo wangu haujapata kufuli, lakini nikala yamini mbele yake, na kwa Sista sijaitoa siri ile mpaka leo. Vitabu vya dunia yeye hasomi.

Nikamwambia mzee ajikokote mpaka dirishani. Sista ana miwani mipya, angalau waonane mara moja maishani.

Nilishuka nikamweleza. Sista akarudi nyuma hadi katikati ya njia, akainua kichwa. Kengele ya kanisa kuu ikagonga saa saba, nami nikaamua moyoni kwamba Mama Mkuu nitamwambia mwenye duka ndiye aliyetuchelewesha. Juu dirisha likalia kufunguliwa. Hapo Sista akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Vipi tena, Sista?" nikamuuliza.

"Huyu namjua alivyo, Casilda. Nikimwona itabidi nianze kumzoea upya, na umri umekwenda."

Akapunga mkono kwa nguvu zake zote, kuelekea ghorofa ya pili, ambako mama mmoja alikuwa akianika mashuka. Yule mama, bila kujua lolote, naye akampungia.

"Sista, ni huku," mzee akaita kutoka juu. "Huku juu zaidi."

Sista akageuza uso kuifuata sauti, akapunga tena.