Vitufe Nilivyoviondoa

Ijumaa ile, kabla sijaondoka Newala, nilikaa mbele ya kompyuta ya kituo chetu cha afya nikaamua kuipanga nitakavyo. Nilikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa, na ule mstari wa vitufe juu ya kivinjari ulinikera kwa msongamano. Nikakitoa kitufe chenye picha ya nyumba, kilichofungua ukurasa wa wagonjwa. Cha printa nacho nikakitoa. Mimi nilizoea kuchapisha kwa kibodi. Nikaridhika, nikapanda gari kwenda Lupaso kwenye arobaini ya shangazi.

Sikumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunamenya mihogo simu ilipoita. Alikuwa muuguzi wetu mkuu, mama wa makamo aliyejifunza kompyuta ukubwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nyumba imekwenda wapi?"

Sikumwelewa. Akaeleza harakaharaka: mjamzito kaletwa kutoka Chilangala, damu inamtoka, gari la wagonjwa liko mlangoni, na yeye anataka kufungua taarifa za yule mama achapishe barua ya rufaa. Kumbe siku zote alikuwa akihesabu: cha tatu kutoka kushoto ni nyumba, cha mwisho ni printa. Sasa cha tatu kilikuwa kitu kingine kabisa.

Kisu kikanidondoka.

"Mama, peleka kipanya juu, pale patupu pembeni ya vitufe. Bonyeza upande wa kulia."

"Nimebonyeza."

"Yametokea maneno?"

"Mengi. Nichague lipi?"

Nilitaka kusema la mwisho, nikasita. Je, kama silo? Je, kama nikimfungia ukurasa wote? Kabla sijajibu, mtandao ukakata.

Nikakimbia hadi kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, mahali watu wa pale wanapopandia kutafuta mtandao. Nikapiga, nikapiga tena. Simu iliita bila kupokelewa. Yule mjamzito sikuwahi kumwona, lakini nilimwona akilini: amelala ubavu, anauliza anasubiri nini. Anasubiri vitufe vyangu. Nikaanza kuomba dua kwa sauti, jamaa waliokuja msibani wakinitazama.

Hatimaye akapiga yeye.

"Wameondoka," akasema. "Nimeiacha hiyo mashine, nikachukua kalamu. Kadi yake ya kliniki alikuwa nayo, kundi la damu limo."

Hata hivyo sikuweza kula. Nilishinda na simu mkononi hadi alasiri, muuguzi aliponiambia kwamba yule mjamzito amefanyiwa upasuaji, amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili wako hai. Nikakaa chini mchangani, nikalia.

Jumatatu nilimwendea kwa hofu, maana alikuwa na haki ya kunishtaki kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo. Nilimkuta anapanga chupa za dawa. Nikamwomba radhi. Nikamwambia sikujua kwamba anahesabu.

"Ningekwambiaje?" akajibu, bila kunitazama. "Niliona haya. Nilidhani mtanicheka."

Akaweka chupa chini. Kisha akasema hatamwambia mtu, ila nimfundishe, kila siku baada ya chakula cha mchana, mpaka aache kuhesabu.

Tulianza siku hiyohiyo. Alishika kipanya, nami nikaweka mkono wangu juu ya wake kumwongoza. Kwanza tukairudisha nyumba.